Uzi wa Sista Mkamburi

Miaka thelathini na miwili nimekaa hapa Kibokoni
mguu wa kulia ukikanyaga cherehani,
na nyuzi nazijua kwa kidole, hata stima ikipotea:
huu pamba, huu hariri, huu wa kushonea magunia.

Mwanzo ilikuwa ganzi. Nikadhani ni kukaa.
Kisha usiku wakaja siafu,
wakapanda kutoka vidoleni mpaka kwenye ugoko,
na shuka, bafta nyepesi tu, ikaniunguza kama pasi.
Mwanashee akasema: umekanyaga pabaya.
Jirani akasema: acha nyama.
Mimi nikatia miguu kwenye karai la maji moto,
nisijue moto wa kiasi gani,
hadi ngozi ikabambuka kama ganda la kitunguu.

Ikaja ile Ijumaa.
Navua makubadhi mlangoni pa msikiti,
mtoto nyuma yangu anasema: Mzee, unatoka damu.
Sindano ya cherehani, nambari kumi na sita,
imevunjikia unyayoni, tangu lini Mungu ajua.
Nimelala nayo. Nimekula nayo wali wa nazi.
Nimeitafuta chini ya meza, nikamlaumu paka.

Kliniki ya sukari, Jumanne, benchi limejaa.
Sista Mkamburi, Mtaita asiye na maneno mengi,
akatoa uzi. Uzi mmoja wa plastiki, mgumu kama mshipi.
"Funga macho, Fundi. Nikigusa, sema."
Nikafunga. Nikangoja. Feni yazunguka.
Mtoto alia chumba cha pili.
"Mbona huanzi?"
"Nimeshamaliza."

Mimi, wa nyuzi!

Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu:
sukari ikizidi damuni, mwaka kwa mwaka,
hutafuna mishipa ya fahamu kama panya kabatini;
habari ya mguu haifiki kichwani
au hufika imepinda, baridi ikaitwa moto.
"Zilizokatika sitakudanganya kuwa nitaziunga.
Zilizosalia, tuzitunze."

Basi ndiyo haya:
kidonge cha usiku, cha kuwatuliza siafu;
hamri moja, na macho kwa zilizobaki;
halua ya arusi napeleka nyumba ya pili.
Maji hupimwa kwa kiwiko, si kwa mguu.
Viatu hata ukumbini, na kabla sijavaa
navikung'uta, navipapasa ndani kwa kidole
kama natafuta pini kwenye pindo.

Na kila baada ya isha Mwanashee huketi mkekani,
kioo cha mkoba mkononi,
asoma nyayo zangu kama barua ya mtu wa mbali:
hapa pamepasuka. Hapa pekundu. Hapa salama.
Hupaka mafuta, ila baina ya vidole; sista kakataza.

Jana, macho nimeyafumba, nikaruka:
"Hapo! Nimehisi! Kisigino!"
Akanyamaza kidogo.
"Mkono wangu uko gotini, baba."
Sote tukacheka, si sana.
Nikamwambia: basi uache hapo hapo.