Maili Kumi na Moja

Nilitumwa na kampuni ya bima kulipangia gari bei.
Duluth, mwezi wa tatu, theluji imeshakuwa tope,
na chumvi wanayoimwaga barabarani watu wapate kupita
inatafuna milango ya magari ya mtaa mzima.
La kwake halijawahi kuionja.

Aune Kivela, miaka tisini na mmoja,
karani mstaafu wa mizani ya madini bandarini,
alivuta shuka (shuka la kitanda, limepigwa pasi)
na Rambler ya mwaka sitini na mbili ikajitokeza,
rangi ya njegere mbichi, paa jeupe,
kromu inayokurudishia uso wako mpaka uone haya.

Nikainama kama daktari.
Chini ya sakafu: kutu hakuna.
Kiti cha nyuma: plastiki ya kiwandani bado.
Saa ya dashibodi imeganda saa tisa na dakika kumi.
"Hiyo ilikufa mwaka wa kwanza," akasema,
"usiiandike kama uzee."

"Mwenye duka alitaka mume wangu aje atie sahihi.
Nikamwambia: mume sina, sahihi ninayo,
na hela hizi hapa, zihesabu.
Akazihesabu mara mbili. Ya tatu nikamhesabia mimi."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yeye madaftari anayo kumi na manne, ndani ya kopo la biskuti.
Kila galoni. Kila tairi. Kila safari,
mita ilisoma ngapi kuondoka, ngapi kurudi,
mwandiko umesimama wima kama askari wa zamu.

"Linganisha," akaniamuru.
Nikalinganisha jumla ya safari na mita ya gari.
Zimepishana. Maili kumi na moja.

Nilitaka kumpa pole. Hakuihitaji.
"Juni, sitini na nane. Niliamka, mita imesogea.
Lempi, mdogo wangu, alikuwa mezani anapaka mkate siagi
hadi pembeni kabisa, kama fundi anayepiga lipu.
Sikumuuliza. Nilisubiri aseme.
Na yeye, nadhani, alisubiri niulize."

Ukurasa wa Oktoba, sabini na moja:
Lempi, hospitali, maili nne.
Chini yake: kurudi, maili nne.
Hakuna neno jingine, ila wino umekolea,
kama kalamu ilisimama pale muda.

Kisha zikaja kurasa ambazo fomu yangu haina pa kuziweka.
Maili kumi na moja, nusu kwenda, nusu kurudi:
kila Jumapili ya kiangazi kilichofuata alitoka,
akaendesha maili tano na nusu, akasimama,
akaandika alichokikuta.
Kusini: kiwanda cha mbao, kimefungwa.
Magharibi: shamba la viazi, mbwa mkali.
Mashariki: ziwa.
Kaskazini: nyumba ya bluu. Mwanamume anapasua kuni. Hakuniangalia.
Kaskazini tena.
Kaskazini tena. Pazia jipya.
Halafu petroli, breki, petroli.

"Bei yake?" akauliza, si kwa tamaa.
Nikamtajia. Akacheka mpaka akaegemea boneti.
"Na zile kumi na moja, umezitoa au umezijumlisha?"

Penye kisanduku cha wamiliki nikaandika: mmoja, tangu mwanzo,
kama risiti inavyosema,
na kalamu ikanisimama pale muda.

Macho yake hayamruhusu barabara tena.
Aliketi hata hivyo, akanipigia kiti cha pembeni kofi, nikaingia.
Injini ilikohoa mara moja, ikashika.
Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Kule nje
lori la manispaa lilipita likimwaga chumvi.
"Mita haisogei tukisimama," alisema, "ila mimi huandika."

Akaandika: Machi. Watu wawili. Maili sifuri.