Aliyeitika Kwanza

Saa nane usiku, Mtumba. Upepo
unasukuma vumbi chini ya mlango wa seva.
Kazi imekufa tena, hatua ya mia na tisa:
mbinu uliyoiita haipo.

Haipo vipi? Kwenye kompyuta yangu ipo.
Jioni ilinijumlishia mvua ya Hombolo, ya Bahi, ya Mpwapwa,
bila hata kukohoa.

Mashine kumi na mbili, maktaba moja, matoleo mawili.
Langu la mwaka huu. La kwao lilikuja na mfumo,
likakaa mlangoni, halitoki.

Nikamkumbuka somo wangu, darasa la nne, Chamwino.
Sechelela tulikuwa wawili; yeye dawati la mbele.
Mwalimu akiita jina, swali likiwa langu,
aliitika yeye,
akasimama, akatazama ubao, akakaa.
Hakuwa mjinga.
Hakuwepo siku tuliyofundishwa kugawanya.

Silifuti lile la zamani. Kazi za Chilewa,
mishahara ya wilaya nzima, zimeliegemea.
Nalibadili langu jina,
nalifunga ndani ya furushi langu mwenyewe,
kila mstari uliokuwa ukiliita nauelekeza upya,
kama mama alivyoniandikisha mwaka uliofuata:
Sechelela wa Kisimani.
Nililia wiki nzima. Jina refu, la kuchekwa.
Lakini likiitwa, nilisimama mimi.

Nabonyeza. Ya kwanza imepita. Ya nne. Ya kumi na moja.
Ya kumi na mbili inasitasita.

Nje mlinzi anakung'uta koti lake.
Nasubiri nisikie nani ataitika.