Gramu Kumi na Saba

Lulanda, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu umekaa njiani kama mwenye shamba.
Wavuni kuna mmoja, kurumbiza,
ukucha umenasa, macho hayana lawama.
Namtia kwenye mfuko wa kitambaa, naning'iniza mzani:
gramu kumi na saba.
Uzito wa barua isiyo na habari nyingi.

Kikoti amekuja kushangaa. Mpasua mbao,
unga wa msumeno umelala kwenye nyusi zake.
"Huyu na yule uliyemshika Rubeho,
si ni mmoja?"

Hapana.
Huyu kifua chake ni chai ya Mufindi
iliyoonjeshwa maziwa.
Yule ni chenza; ukimgeuza
vidole vinatamani kumenya.
Na hapa, kati ya mdomo na jicho,
huyu kahawia tu, yule kijivu,
kama aliyepakwa jivu kwa ncha ya kidole
na mtu mwenye haraka.

"Ni hicho tu?"

Ni hicho, na bonde lenye joto katikati
ambalo mabawa haya hayaliwezi,
na miaka, sijui mingapi,
kila mmoja akiimba upande wake
wimbo uleule
mpaka ukaacha kuwa uleule.
Sikiliza Mhehe na Mbena wakiamkiana asubuhi:
*kamwene*, neno moja,
koo mbili.

Kikoti anautazama msitu uliobaki.
Ukianza kuuvuka kande zikiwa jikoni
unatokea ng'ambo hazijaiva,
na ng'ambo ni mipaina, imepanga foleni,
haina ndege wa kumsalimia mtu.

"Basi hawa wakiisha," anasema,
bila ubaya, kama mtu anayehesabu mbao,
"si wale wapo?"

Nilikuwapo Kibao siku anazikwa Betweli,
pacha wake.
Mvua ilituchapa, kaburi likawa la tope.
Hakuna aliyemwendea mama yao akamwambia:
nyamaza, si huyu yupo?

Sikulisema hilo.
Nilipima bawa, nikaandika, nikafungua kiganja.
Akaondoka chini chini, usawa wa magoti,
akaingia penye giza la mizizi,
na daftari langu, penye safu ya Maoni,
likabaki jeupe.

Kikoti alibeba msumeno wake.
Alikwenda hatua kama kumi hivi, akageuka.
"Na yule wa Rubeho," akauliza,
"jivu lile
alipakwa na nani?"