Kabla Chai Haijachemka

Upande wa miguu kitanda kimepanda juu ya matofali mawili.
Kaka yangu analala ubavu, kichwa bondeni,
mto chini ya nyonga, kopo la siagi karibu na mkono.
"Anza," anasema, "kabla chai haijachemka."

Nakunja kiganja kiwe kata ya kutekea maji,
vidole vimebanana,
kama alivyotufundisha Sista Leokadia kule Maweni:
si kofi, binti, kofi lina hasira,
hiki ni kiganja kilichobeba hewa.
Pu. Pu. Pu. Pu.
Mbavu za chini, kisha nyuma ya bega.

Wiki ya kwanza Mama Nzeye alibisha hodi na mwiko:
"Butoyi! Mtu wa miaka thelathini na mmoja
unamchapa kila alfajiri, kosa lake nini?"
Tulicheka mpaka Bukuru akapaliwa,
na kikohozi kile kikawa nusu ya kazi.

Yeye alitangulia kutoka, mimi nikafuata nyuma,
ndiyo maana ya majina yetu.
Mama akimbusu paji la uso alikuwa akisema:
huyu mmoja ana chumvi.
Uvinza hii, nani angeshtuka?
Shati la baba lilisimama lenyewe kwa chumvi ya kiwandani.
Makohozi yakapimwa mara tano,
mara tano si kifua kikuu,
mara tano akarudi na vidonge vilevile.

Sasa anavuta mvuke wa maji ya chumvi.
Iliyomtoroka kwa ngozi
inarudi kwa mdomo, kulegeza ute.

"Haya, puliza. Tia ukungu kwenye kioo."
Haa.
"Tena, koo wazi."
Haa. Haa.
Kitu kinabanduka ndani, nakisikia kwa kiganja
kabla yeye hajakisikia.
Kopo linapokea. Kijani cha kisamvu.
Jana kilikuwa cha njano; hatusemi neno.

Chini ya kitanda ameficha chupa ya maji na kipande cha mpira.
Nimeiona. Usiku anajifunza kupuliza mapovu peke yake,
tangu barua ya posa ilipofika kutoka Kasulu.

"Chupa haina kiganja," namwambia.
"Haina mume pia," anajibu,
anageukia ubavu wa pili.

Jikoni chai inafurika, inazima moto.
Hakuna anayeinuka.
Pu. Pu. Pu.