Shati la Reli

Wamekuja Julai. Wao wanasema ni kiangazi.
Huku Isevya upepo wa kipupwe unakwaruza mabati,
sisi tumejifunga masweta, wao magoti nje,
na wazazi wao wamejipaka dawa nyeupe puani.

Watano. Niliwaaga wakiwa wa kubebwa,
leo mdogo wao ananipita kichwa.
Mmoja amekimbilia mpira,
mmoja anapiga picha kuku, kila kuku kwa zamu yake.
Doto kakaa kwenye ngazi, hajauliza alipo Kulwa;
nadhani kaambiwa hukohuko, kwa lugha yao,
nami nikashukuru, Mungu anisamehe.

Nimeitwa kwa sababu ndiye niliyebaki.
Masista wamehama, karani amekufa,
daktari yuko Dodoma kwa mwanawe, macho hayaoni.
Nikatolewa jikoni, nikawekewa kiti:
"Huyu ndiye Mama Nyanzala, aliyewapikia."
Wakanipigia makofi kama niliyeshinda kitu.

Msichana mrefu akaja na karatasi.
Hapa aliitwa Kalunde. Huko wanamwita Solveig,
jina ambalo ulimi wangu umelijaribu mara tatu
likakwama kama mwiba wa ngege.
Mkalimani, kijana wa chuo, akasoma daftari letu la zamani:

Mtoto wa kike. Umri siku tatu au nne.
Ameletwa na mlinzi wa stesheni, saa kumi alfajiri.
Behewa la daraja la tatu, treni ya kutoka Mpanda.
Amefungwa kwa shati la bluu, la reli, halina kifungo cha juu.
Afya njema. Analia.

"Anauliza," kijana akasema, "lile shati liko wapi."

Hakuuliza mama yake nani, baba yake nani,
maswali niliyoyaandalia majibu miaka kumi na sita,
majibu laini, yaliyochujwa kama uji wa mgonjwa.
Kauliza shati.

Na mimi shati nalijua.
Lilikaa kabatini wiki mbili, likanuka maziwa,
nikalifua. Jikoni hapakuwa na kitambaa.
Nikalikata mikono, nikawa naepulia sufuria.
Mgongo ukaungua kwanza, kisha kola;
mwaka wa tatu kilibaki kipande cha kiganja,
nikafutia chemni, nikakitupa na majivu.
Nani aliniambia kuna mtu atalifuata,
avuke bahari na viwanja vitatu vya ndege
kwa ajili ya tambara?

Ningeweza kusema panya. Ningeweza kusema mafuriko,
ingawa kwa Tabora hii mafuriko nani angeyaamini.
Kijana aliningoja. Mama yake wa huko aliningoja,
kamshika bega kama mtu aliyeshika ndoo iliyojaa.
Nikasema: "Mwambie nililichoma mimi.
Mwambie kila uji aliokunywa hapa, miezi kumi na mmoja,
ulitoka motoni kwa shati hilo."

Akatafsiri. Ikachukua muda mrefu kuliko maneno yangu.
Sijui aliongeza nini.

Msichana hakulia. Akasema kitu kifupi.
"Anataka kuiona sufuria."

Sufuria ipo, nani hutupa sufuria?
Tako limebonyea, ukingo umeliwa upande mmoja,
jana tu imepika maharage ya wageni hawahawa.
Akapiga magoti mbele ya mafiga na kaptula yake safi,
akaishika huku na huku, mikono mitupu,
akainyanyua ikiwa tupu, akaishusha,
akainyanyua tena.
Masizi yakampanda hadi kwenye saa.
Mama yake akatoa karatasi laini yenye maji na manukato.
Akaikataa kwa kichwa.

Saa tisa gari likapiga honi.
Akanipa mkono uleule, na masizi yake,
nikaupokea kwa wangu wenye makovu,
nikasahau kumuuliza, huko wanakokaa,
uji wanauepulia nini.