Daftari la Fortunata

Lori la vitunguu lilinishusha njia panda
saa ambayo jua la nyanda zile huondoka bila kuaga:
sasa hivi linakuunguza shingo,
sasa hivi kidole hakiwezi kifungo.
Dereva akanionyesha moshi. "Pale, kwa Fortunata Huallpa.
Wiki hii zamu ya kulaza wageni ni yake."
Kisha akaondoka na mwanga wote.

Nilitembea hatua kumi, nikapumzika
kama mtu aliyebeba kinu.
Hewa ya kule ni ya kupimiwa, kama mafuta ya taa dukani.
Mbwa wawili walinisindikiza kwa matusi.
Mlangoni mwanamke mfupi, kofia ya duara, sketi juu ya sketi,
hakuniuliza jina. Alinishika kiganja,
akakigeuza, akakihurumia,
akakijaza majani ya koka.

Supu ilikuwa viazi. Mchuzi ulikuwa viazi.
Pembeni, vile vyeusi vilivyokauka, vyepesi kama kizibo,
vilivyolazwa nje usiku wa jalidi
vikakanyagwa hadi vikatoa machozi yao yote,
vinavyoweza kumngoja mlaji miaka kumi bila kununa.
Simbilisi walipiga soga chini ya jiko.
Mumewe, Nicanor, aliidondoshea sakafu tone la kwanza la pombe ya mahindi.
"Ardhi nayo ina kiu," akasema; ndipo akanywa.

Nililala chini ya mablanketi saba ya sufu ya alpaka,
nimebanwa kama barua ndani ya kitabu.

Mgeni siku mbili, husema kwetu. Mimi sikufika hata ya pili.
Alfajiri miguu yangu mwenyewe ikafanywa jembe:
vua viatu, panda juu ya viazi vilivyoganda,
kanyaga pamoja na wajukuu,
barafu ikipasuka katikati ya vidole,
wao wakinicheka kwa Kikechua
na mimi sina pumzi ya kujibu.

Usiku akaleta daftari.
La shule, la mistari, jalada limeliwa na panya pembeni.
Miaka kumi na mmoja ya wageni.
"Nisomee," akasema.
Yeye shule aliiona kwa mbali, akiwa nyuma ya kondoo.

Nikafungua. Kikorea, nadhani. Kijerumani.
Mwandiko mwingine nisioujua hata upande wa kuanzia.
Nikapata mmoja ninaouweza:
*Baridi kali. Viazi, viazi, viazi. Choo kiko mbali.*
Nikameza mate. Nikasoma kwa sauti:
"Nilikula vizuri. Mungu akubariki, mama."

Fortunata akaangua kicheko hadi sketi zikatikisika.
"Huyo? Huyo hakumaliza hata sahani moja!
Tazama alivyoikandamiza kalamu. Karatasi imetoboka."
Akalivuta daftari, akapitisha kidole:
"Huyu alilia usiku; herufi zake zimelala upande mmoja, kama nyasi.
Huyu alikuwa na haraka ya basi.
Na huyu, msichana mrefu, mistari haikumtosha,
alinisaidia kumzalisha lama.
Hii hapa si wino."

Nikamwachia daftari
anayejua kusoma.

Asubuhi alinipa kalamu. Nilikaa nayo
hadi chai ikaweka utando.
Niliandika nini, sikumbuki. Nakumbuka ganzi ya vidole,
na kwamba neno *asante* nililifuta mara mbili,
likawa doa.
Nje Nicanor alikuwa tayari anapiga mbinja kulisimamisha lori,
safari hii la saruji,
nami juu ya mifuko, mweupe kwa vumbi,
nikawa nawaza lile doa:
mgeni ajaye atamwambia limeandikwa nini,
na Fortunata atamwambia
ni nani.