Hali

Ghorofani Langoni, feni ikikohoa,
naandika neno la kwanza: hali.
Si ile tunayoulizana barazani asubuhi.
Hii ni namba ya kichochoro
na idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki gatini.
Mwanzo: gati, mifuko ishirini.
Lengo: Pangahari, mlangoni pa Bi Somoe, mifuko yote.
Vitendo: mbele, kushoto, kulia, shusha.
Gharama: hatua.

Mengine yote natupa.
Harufu ya bajia, mfereji uliofurika,
randa ya fundi, majina ya wenye milango.
Nisipotupa, mashine itakesha
ikihesabu paka wa Amu mmoja mmoja
mpaka kiama.

Nabonyeza. Kufumba na kufumbua:
hatua mia tatu na kumi na mbili, kupitia Utukuni.

Lali, kakangu, mikono myeupe kwa saruji,
anaikodolea skrini, anacheka hadi anapaliwa.
"Ndia hiyo Karani hapiti."
(Karani ni punda.)
"Ina ngazi tatu, ya pili imemong'onyoka.
Tena kwa kina Shekuwe kuna matanga.
Utamswaga punda katikati ya wafiwa?"

Ngazi naipa gharama: hatua tano kila moja.
Matanga yananishinda.
Ni ukuta, au ni gharama?
Ukuta gani huu unaokunjwa na mikeka kesho kutwa?
"Andika hapapitiki," asema, "hadi Ijumaa."

Mia nne na tisa, kwa nyuma ya msikiti.
Safari hii hacheki.
"Na kurudi je?"

Kurudi sikuandika.
Lengo langu liliishia mlangoni,
mfuko wa ishirini ukitua, skrini ikinipongeza,
na Karani, kwa hesabu yangu,
akisimama pale milele na tandiko lake,
hana tendo lililosalia.

Nashuka. Amefungwa kwenye nguzo ya stima.
Nainua tandiko: kidonda,
upana wa shilingi ishirini, na nzi wake.
"U hali gani, Karani?"
Sikio moja lageuka.

Narudi juu. Nafuta mstari wa kwanza, nauandika upya:
hali ni mahali, mzigo, mgongo.

Mgongo naupimaje?
Lali keshaondoka.
Kishale chapepesa, chanisubiri.